zsh imebadilika vitufe tangu niweke EDITOR=vim: nirudi nilikotoka au nijifunze vi?

kijana_wa_arua
Salaam wakuu. Niko Kampala, natunza seva chache za ofisi kwa SSH, nyingine ziko Ujerumani. Kwenye laptop yangu (Ubuntu, na zsh ndiyo shell, yaani programu inayopokea amri ninazoandika) nimeandika `export EDITOR=vim` ndani ya `.profile` ili git inifungulie kihariri cha vim, maana nano sina hamu nayo. Nilipoingia upya, vitufe si vile ninavyovijua. Ctrl-A haipeleki kielekezi mwanzo wa mstari, inachapa `^A` tu. Ctrl-R ya kutafuta amri za zamani haifanyi kitu. Nikigusa Esc halafu nikaendelea kuandika, maneno yanafutika ovyo. Ajabu ni kwamba seva zina bash (shell nyingine) na EDITOR hiyohiyo, na huko kila kitu kiko sawa. Tatizo ni nini? Na kwa kuwa tayari natumia vim, kuna faida nikiuzoea mtindo huu?

fundi_terminali
Hakuna kilichoharibika, ssebo. zsh ikianza hutazama VISUAL na EDITOR, vigeu vinavyotaja kihariri chako. Ikikuta herufi "vi" popote ndani yake, inajiweka kwenye mtindo wa vi, kihariri kilichoizaa vim: Esc inakutoa kwenye hali ya kuandika, na herufi zinakuwa amri. vim, nvim, zote zinanaswa. Bash haijali EDITOR kwa jambo hili. Mstari wake unasimamiwa na maktaba ya Readline, inayoanza na mtindo wa emacs (kihariri kingine, ndicho chenye Ctrl-A na Ctrl-R unazozijua) mpaka uiambie `set -o vi`.

Ukitaka vitufe vyako vya zamani, weka `bindkey -e` kwenye `.zshrc`, tena juu kabisa. Ikikaa chini ya mistari mingine ya bindkey, zile ulizopanga kabla yake zinabaki kwenye ramani ya vi na utadhani zsh imezipuuza.

nalubega_kodi
Mimi nasema usirudi. Amri fupi hazina tofauti, lakini chukua rsync (amri ya kunakili faili) yenye njia ndefu ya folda, umekosea jina la mwisho. Esc, `F/`, kielekezi kinarudi kwenye mkwaju uliopita. `l` kisha `C`, mkia wote umeondoka na unaandika upya. Mtu anayeijua vim tayari ana haya vidoleni, kwa nini ayaache mlangoni?

Ila zsh ilivyo haifai, lazima uitengeneze kidogo:

`bindkey -v`
`bindkey '^A' beginning-of-line`
`bindkey '^E' end-of-line`
`bindkey '^R' history-incremental-search-backward`
`bindkey '^?' backward-delete-char`

Huo wa mwisho usiuache. Bila huo, kitufe cha kufuta kinagoma kufuta herufi zilizokuwepo kabla hujaingia kwenye hali ya kuandika. Ongeza na `KEYTIMEOUT=1` ili Esc ijibu papo hapo.

mzee_gulu
Nnyabo, hapo kwenye KEYTIMEOUT tusimpeleke kijana pabaya. Inahesabiwa kwa sehemu za mia za sekunde, na ya kawaida ni 40. Kwenye laptop, 1 haina neno. Siku akiinakili `.zshrc` hiyo kwenye seva ya mbali na anatumia intaneti ya simu, atakiona. Kitufe cha mshale wa juu hutuma Esc, kisha `[`, kisha `A`. Vikiachana njiani, zsh inaamini amebonyeza Esc peke yake, na vilivyobaki vinasomwa kama amri za vi. 20 inatosha.

Seva unazoshirikiana na wenzako ziache na emacs. Mwenzako ataingia usiku wa manane kuzima moto, hana muda wa kujiuliza kwa nini kibodi imepagawa. Ukitaka vi huko, iwe `set editing-mode vi` kwenye `.inputrc` ya akaunti yako mwenyewe, pamoja na `set show-mode-in-prompt on` ujue uko hali gani. Kumbuka faili hiyo inagusa kila programu inayotumia Readline, gdb (ya kusaka makosa ya programu) ikiwemo.

kijana_wa_arua
Weebale nyote. Nimeweka ya nalubega, KEYTIMEOUT nimeipa 20, seva sizigusi. Lakini naona tmux (ya kugawa terminali moja kuwa nyingi) nayo imegeuka, nikiingia kunakili maandishi vitufe ni vya vi.

fundi_terminali
Chanzo ni kilekile, tmux nayo inasoma EDITOR na VISUAL. Kama hupendi: `set -g mode-keys emacs` kwenye `.tmux.conf`, na `status-keys` vivyo hivyo.

mgeni_jinja
Samahani kudandia uzi. Yangu ni bash, nikibonyeza Ctrl-S nitafute kwenda mbele baada ya Ctrl-R, terminali inaganda na naishia kuifunga.

mzee_gulu
Usiifunge, bonyeza Ctrl-Q. Ctrl-S ni ishara ya kusimamisha maandishi tangu enzi za terminali za zamani, na terminali inaikamata kabla haijafika kwa bash. Weka `stty -ixon` kwenye `.bashrc`, utafutaji wa kwenda mbele utafanya kazi.