Naomba ushauri: mtoto wa Kiyao anataka kuomba kwa Yesu, nyumbani hawajui

Bwana Yesu asifiwe wapendwa.

Mimi ni Mtanzania, nipo Malawi kwenye huduma, upande wa Mangochi kusini mwa Ziwa Nyasa. Wayao wa huku wengi ni Waislamu, na tunaishi nao vizuri tu, hata futari wananiletea.

Kuna kijana wa miaka tisa hivi, huja kucheza na wanangu. Jioni tukisimuliana hadithi za Yesu anakaa kimya, halafu ndiye anayeuliza maswali magumu kuliko wote. Wiki iliyopita akaniambia, "Mama, na mimi nataka kuomba kama nyie, lakini usimwambie mjomba."

Hapo kwenye mjomba ndipo nilipokwama. Kwa Wayao ukoo huhesabiwa kwa mama, kwa hiyo kaka wa mama ndiye mwenye sauti juu ya watoto wa dada yake. Nikinyamaza, nitakuwa nimemfundisha mtoto kuficha mambo. Nikisema, huenda akachapwa, na mlango wa nyumba ile ukafungwa. Kumfukuza barazani kwangu siwezi. Zawadi sijampa wala sitampa, nisije nikaambiwa namnunua kwa biskuti.

Mliohudumu maeneo kama haya, mlianzia wapi? Niende kwa mama yake kwanza au moja kwa moja kwa mjomba? Na mtoto nimjibu nini kwa sasa? Kesho atakuja tena.