PC mpya ya Ryzen inachelewa kuwaka: nibadili SSD, nipunguze RAM au niguse BIOS?

Kijana wa Tabata
Wakuu, heshima zenu. Nimeunga mashine mpya: Ryzen 5 7600, mazabodi ya B650, RAM za DDR5 vijiti vinne vya GB 8 vikiwa kwenye EXPO 6000 (mpangilio wa AMD wa kuipandisha RAM kasi), SSD ya NVMe Gen3, pamoja na hadidiski ya TB 1 niliyoitoa kwenye mashine ya zamani. Ikishawaka inakimbia, sina neno. Ila ukibonyeza kitufe, feni zinazunguka, skrini nyeusi, kitaa cha njano cha DRAM kinawaka tu, na dakika inakaribia kuisha ndipo nembo inatokea. Laptop ya kale ya dada yangu inaitangulia! Nafikiria SSD ya Gen4, au nibaki na RAM mbili, au niingie BIOS (mipangilio ya mazabodi yenyewe). Nianze na ipi kabla sijatoa hela?

Mla Gemu
Gen4 mkuu, usijiulize. Gen3 inaishia kama MB 3,500 kwa sekunde, Gen4 inafika 7,000. Itafunguka chap.

Sauti ya Ubungo
Ngoja waje wataalamu.

Bi Chipu
Mla Gemu, skrini ikiwa bado nyeusi hivyo Windows haijaanza hata kusomwa, sasa SSD inahusikaje? Kijana, fungua Task Manager, nenda Startup apps, kona ya juu kulia pameandikwa "Last BIOS time". Huo ndio muda ambao mazabodi inautumia kabla ya kuikabidhi Windows kazi. Tuletee hiyo namba.

Kijana wa Tabata
Dada, inasoma 51.3. Kuanzia nembo hadi kuingia ndani ni kama sekunde kumi.

Bi Chipu
Basi hela ya SSD ibaki mfukoni. Hata ukipata inayofungua Windows papo hapo, hizo 51 ziko palepale. Na hata hizo kumi usitegemee zishuke sana, kwa sababu MB 7,000 ni kasi ya kusoma faili kubwa mfululizo, wakati Windows ikiwaka inaokota vifaili vidogo vidogo huku na kule. Tofauti ya kweli mtu huiona akitoka hadidiski kwenda SSD yoyote ile, hata ya SATA.

Mzee wa Solda
Kitaa cha njano kimeshajibu. AM5, soketi ya hizo Ryzen, ndiyo tabia yake tangu ilipotoka 2022: prosesa inazipima RAM, inatafuta volti na mpangilio wa muda ambao kila laini itasomeka bila makosa. Majibu yasipohifadhiwa, kila ukiwasha inapima upya. Na wewe umeipa kazi ngumu. AMD wenyewe kwa Ryzen 7000 wanatamka kasi ya 5200 kwa vijiti viwili, ila vinne ni 3600 tu. Wewe una vinne kwa 6000! Mimi ningeuza vyote, nichukue viwili vya GB 16, niviweke nafasi ya pili na ya nne kuhesabu kutoka kwenye prosesa. Aliyekuuzia vinne vya GB 8 alikuwa anamaliza stoku.

Mvita_254
Mzee, shikamoo. Nakubali vinne ni mzigo, lakini kuuza RAM ni hasara, aanze na ya bure. Sasisha BIOS, kisha humo tafuta Memory Context Restore (inayohifadhi majibu ya kupima RAM) uiwashe, na Power Down Enable (inayopunguza umeme wa RAM isipotumika) uiwashe pia. Ziende pamoja. Ukiwasha ya kwanza ukaacha ya pili, mashine nyingi huanza kutupa skrini ya bluu. Mara ya kwanza itachelewa kama kawaida kwa sababu lazima ipime mara moja ndiyo ihifadhi. Halafu iache usiku na MemTest86, programu ya kutafuta makosa ya RAM. Ikileta kosa hata moja, shusha EXPO.

Mla Gemu
Na Fast Startup je?

Bi Chipu
Hiyo ni ya Windows. Ukizima mashine, inahifadhi kiini cha mfumo kwenye diski ili kesho isianze upya. Muda wa BIOS haiugusi, na uki-restart haifanyi kazi kabisa. Mwenye Linux pembeni aizime, la sivyo partisheni ya Windows itakataa kuandikwa. Fast Boot ya BIOS ni kitu kingine, inaruka ukaguzi wa baadhi ya vifaa. Utaokoa sekunde chache, ila keyboard ya USB inaweza isiitike ukitaka kuingia BIOS.

Sauti ya Ubungo
Mimi sizimi. Sleep tu, ukigusa kitufe iko hewani.

Mzee wa Solda
Marahaba Mvita. Ubungo, umeme ukikatika kazi zilizokuwa wazi zinaweza kupotea, Sleep inaishi kwenye RAM. Uwe na UPS kwanza.

Kijana wa Tabata
Mrejesho: nimesasisha BIOS na kuwasha zote mbili. Sasa inasoma 19.8, MemTest86 imepita safi. RAM nabaki nazo kwanza, Mzee unisamehe. Ila nilipochomoa hadidiski nione kama itapungua zaidi, Windows imegoma, inasema hakuna diski ya kuwashia. Nikiirudisha inawaka.

Mvita_254
Uliweka Windows huku diski zote mbili zikiwa zimechomekwa, sivyo? Kisakinishi kimetumia partisheni ya EFI (yenye faili za kuwashia) iliyokuwa kwenye hadidiski. Ikifa hiyo kuukuu, mashine haiwaki hata kama NVMe ni nzima. Kama hujaweka vitu vingi, chomoa hadidiski usakinishe upya. Kama hutaki, punguza C kidogo, tengeneza partisheni ya FAT32 ya EFI kwenye NVMe, ipe herufi S, kisha andika hii kwenye Command Prompt ya admin:

bcdboot C:\Windows /s S: /f UEFI

Fanya bakapu kabla hujagusa partisheni yoyote.

Kijana wa Tabata
Nimekusoma. Nasakinisha upya, sina cha maana humo zaidi ya gemu mbili.