Natafuta postdoc ya vipimo vya joto: NIST inawezekana kwa Mtanzania?

Wakuu habari za humu. Namalizia PhD Korea Kusini, upande wa ugezi (kusahihisha vifaa vya kupimia) wa vipimajoto vya platinamu. Natetea tasnifu mwezi wa sita. Nimeona NIST, taasisi ya taifa ya vipimo ya Marekani, wana postdoc (nafasi ya utafiti ya muda baada ya PhD) kupitia NRC, baraza la taifa la utafiti la huko, maabara za Gaithersburg na Boulder, mada hadi kichwa kinazunguka. Mwenye kujua njia? Na kama hapaingiliki, nigonge hodi wapi? Matusi wekeni pembeni.

Mzee wa Mizani: Mkuu, usijichoshe. Hiyo ya NRC pale NIST ni ya raia wa Marekani tu. Wageni wapo, ila wanaingia kama watafiti waalikwa: ama mwenyeji awe na fungu, ama uje na hela yako.

Chuma Ulete: Rudi nyumbani, TBS na Wakala wa Vipimo wanakusubiri. Usomi gani usioisha?

Mama Karafuu: Chuma Ulete, kurudi atarudi, mwache kijana. Mdogo wangu, tazama Ulaya, nako kuna taasisi za taifa za vipimo. Kuna PTB Ujerumani (Braunschweig na Berlin), NPL Uingereza, na INRIM ya Torino, Italia. Hao wa Torino kwenye joto ni wakali, wamo kwenye vipimo vya konstanti ya Boltzmann, namba inayounganisha joto na nishati, ambayo ndiyo inayoshikilia kelvin, kipimo cha joto cha kimataifa, tangu 20 Mei 2019. Pesa omba Marie Skłodowska-Curie, ufadhili wa watafiti wa Umoja wa Ulaya, uraia hawaulizi. Sharti usiwe umeishi nchi unayokwenda zaidi ya miezi 12 katika miezi 36 kabla ya dirisha la maombi kufungwa. Wewe uko Korea, umepona. Dirisha hufungwa Septemba na lazima uwe umeshatetea, kwa hiyo huo mwezi wa sita usiuchezee. Kwa Ujerumani kuna ufadhili wa Humboldt pia. Kote huko unaanza na mwenyeji.

Mleta uzi: Shukrani dada. Kuna mtafiti nilimwandikia barua pepe, nikaambatanisha CV. Kimya.

Fundi Seli: CV wanazo gunia zima. Mtumie nusu ukurasa wa jedwali la mashaka ya kipimo chako, yaani jibu lako linaweza kupishana na ukweli kwa kiasi gani. Chukua kipimajoto kimoja pale 0.01 °C, barafu, maji na mvuke vinapokaa pamoja. Orodhesha kila chanzo cha mashaka: daraja la kupimia ukinzani, seli yenyewe (chombo chenye hayo maji), waya kujipasha moto kwa mkondo unaoupitisha. Kisha sema kipi kinatawala, na vifaa vyao vingekupunguziaje. Mtu wa metrolojia, sayansi ya vipimo, akiona jedwali, jicho linakwenda kwenye mstari mkubwa kuliko yote. Hawezi kujizuia.

Mleta uzi: Kwangu ni huo wa waya kujipasha moto. Napima kwa mikondo miwili, halafu nakokotoa ingekuwaje mkondo ukiwa sifuri. Bado unaizidi mistari mingine yote.

Fundi Seli: Basi anza na hilo, na grafu yake. Hata kichwa cha barua kiwe hilo, neno postdoc lije mwishoni.