Biashara ya mtandao: kamisheni niliyoishangilia ilikuwa mkopo wa wifi yangu

Wakuu, heshima kwenu. Nina hasira na sitaificha, mtanisamehe uzi ukiwa mrefu. Jana usiku nimemaliza kujumlisha daftari langu la miezi 14 ya "biashara ya mtandao", ile ya kununua bidhaa za kampuni na kuingiza watu chini yako, na usingizi haukuja.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Morogoro. Aliyeniunganisha ni mwalimu mwenzangu, tunakaa meza moja ofisini. Hakuniambia ni biashara gani, alisema tu, "Madam, Jumamosi vaa vizuri, kuna fursa nataka uione." Ukumbini nikakuta walimu, manesi na wastaafu ambao kiinua mgongo chao bado kibichi. Jamaa wa suti akatuuliza, "Mshahara wako unaisha tarehe ngapi?" Watu wakacheka na mimi nikacheka, maana wangu ulikuwa unaisha tarehe 9. Zikafuata picha za magari, safari za Dubai na miamala ya simu. Hakusimama hata mmoja kusema ametumia shilingi ngapi mpaka kuyapata hayo. Hata mmoja!

Basi mimi naziweka zangu hapa.

Fomu 25,000. Kifurushi cha kuanzia, yaani chai, virutubisho na dawa ya meno, 620,000. Laki tano kati ya hizo nilikopa kwenye kikoba, riba 50,000. Halafu kila mwezi ni lazima ununue mzigo wa 90,000 ndipo uhesabiwe uko hai. Usiponunua, pointi za watu wa chini yako zinakupita zinaenda kwa aliye juu yako. Miezi 13 ya hivyo ni 1,170,000. Semina tisa kwa kiingilio cha 10,000, jumla 90,000. Mkutano mkubwa Dodoma, tiketi, basi na kulala, 185,000. Nauli za kufuata watu pamoja na bando, 25,000 kwa mwezi, kwa miezi 14 ni 350,000. Zimetoka 2,490,000.

Zilizoingia: mauzo 540,000 na kamisheni 376,000. Nimepoteza 1,574,000, na hapo sijagusa Jumamosi zangu zote wala jioni ambazo wanangu walikula bila mimi.

Mnaosema sikujituma, njooni mjaribu kumuuzia mama wa Kihonda dawa ya meno ya 18,000 wakati kwa Mangi pale kona ipo ya 2,500. Walionunua kwangu wengi walinionea aibu: shangazi, majirani, wazazi wa wanafunzi wangu (na hili la wazazi linaniuma sana, maana mzazi hawezi kumkatalia mwalimu wa mwanawe). Wakanunua mara moja, hawakurudi. Katoni tatu ziko chini ya kitanda changu na chai yote inaisha muda wake mwezi wa nane.

Nilipolalamika, apulaini wangu, yaani aliye juu yangu, akanijibu, "Acha kuhangaika na kuuza bidhaa. Ingiza watu."

Hapo ndipo ilipo biashara yenyewe. Kwenye ile 376,000 yangu, 372,000 ni za kuingiza watu wanne, kila mmoja 93,000, asilimia 15 ya kifurushi chake. Pointi za bidhaa kwa miezi yote 14 zimenilipa shilingi elfu nne. Elfu nne!

Na mimi nafundisha hisabati darasa la sita. Ubaoni wanachora mduara, wanasema kila mtu aingize watano tu, kazi rahisi. Watano, 25, 125, 625. Nimeendelea nayo jana mpaka ngazi ya 11. Ukijumlisha wote wa chini yako unapata watu 61,035,155. Sensa ya 2022 ilihesabu Watanzania 61,741,120, pamoja na vichanga na wazee wa kitandani. Ngazi ya 12 ataingizwa nani? Na kwa kuwa kila ngazi ni kubwa kuliko zote za juu yake zikijumlishwa, siku watu wanapokwisha, walio wengi ni wale walioingia mwisho, ambao hawana wa kumuingiza.

Wanapenda kusema, "Sisi siyo DECI, sisi tuna bidhaa." DECI tunaikumbuka, watu "walipanda mbegu", yaani waliweka hela wakiahidiwa kuvuna zaidi, 2009 serikali ikaifunga na hela za watu zikakwama. Upatu wa aina hiyo umekatazwa na Kanuni ya Adhabu. Lakini katoni za chai zinanisaidia nini kama mnunuzi pekee ni mwanachama anayetaka kubaki hai? Marekani mwaka 2016 Herbalife (siyo niliyojiunga mimi) ilikubali kulipa dola milioni 200 na kubadilisha mfumo wake, baada ya FTC, tume yao ya biashara, kuituhumu kwamba inalipa zaidi kwa kuingiza watu kuliko kwa kuuzia wateja wa kweli. Na ile ilikuwa na bidhaa.

Sasa la wifi yangu. Anauza nguo za watoto za mtumba sokoni Kingalu. Nilimshawishi mimi, jikoni kwake, nikamwonyesha kwenye simu kamisheni yangu ya kwanza. Hakuwa na hela, akakopa 600,000 kwa wale wa kausha damu, wakopeshaji wa riba kubwa. Jioni alipolipia kifurushi, simu yangu ikaita: 93,000 imeingia. Niliruka. Nikaipiga picha ile meseji nikaituma kwenye kundi la WhatsApp, watu zaidi ya 200 wakanipongeza. Ilikuwa hela ya mkopo wake, wakuu. Nilipongezwa kwa deni la mke wa kaka yangu.

Wiki iliyopita wamekuja kumchukulia friji na cherehani. Nilifika wakiwa wanafunga kamba kwenye guta. Hakunilaumu, aliniuliza tu, "Wifi, ile mizigo tutaipeleka wapi?"

Katoni zake mbili hazijafunguliwa, gundi ya kiwandani bado ipo. Fomu inasema mzigo usiofunguliwa unarudishwa ndani ya siku 30. Siku hizo zilipita tukiwa semina tunaambiwa tuwe na subira, na tangu juzi apulaini hapokei simu zangu.

Kama kuna aliyewahi kurudishiwa hela baada ya muda huo kupita, aniambie alianzia wapi: polisi, Tume ya Ushindani au mahakama ya mwanzo? Na alibeba karatasi gani? Risiti zote ninazo.