Pete ya ndoa haipiti tena kidoleni: niipanue, niiyeyushe, ninunue mpya au niivae mkufuni?

Kijani_Kibichi (mleta mada)

Wakuu, habari za siku nyingi. Nina jambo dogo ila linaninyima raha.

Pete yangu ya ndoa nimeivaa zaidi ya miaka 20. Ni dhahabu ya karati 18, nyembamba, haina kito, na ndani imechongwa herufi zetu mbili na tarehe. Sasa vifundo vya vidole vimeanza kuvimba, na daktari amenishauri niivue kabla haijagoma kabisa. Ilitoka kwa sabuni na machozi. Tangu hapo iko ndani ya kisanduku, na kidole gumba changu bado kinaitafuta pale ilipokuwa.

Nimezunguka nikauliza, nikabaki na njia nne. Kuipanua: inakatwa, inaongezwa kipande, ila nimeambiwa maandishi ya ndani yanaweza kuharibika. Kuiyeyusha na kutengeneza nyingine pana kidogo kwa dhahabu ileile. Kununua mpya na hii kuitunza. Au kuivaa shingoni kwenye mkufu, bila kuigusa kabisa.

Nataka kusikia hasa kwa walio kwenye ndoa za muda mrefu: katika hizo nne, ipi inaiacha pete ikiwa ileile? Mume wangu nimemuuliza, jibu lake ni "niliyemuoa ni wewe, sikuoa pete". Maneno matamu, ila sonara hayatamsaidia.

Mpiga_Zumari

Nunua mpya, dada, uendelee na maisha. Pete ni alama, na alama hubadilishwa. Mwanamfalme Philip wa Uingereza aliishi na Malkia Elizabeth miaka 73 ya ndoa, kuanzia 1947 hadi alipofariki 2021, na hakuwa mtu wa kuvaa pete ya ndoa. Kuna aliyesema hakumpenda mkewe?

Nyuki_Dume

@Mpiga_Zumari mfano huo haumhusu. Asiyevaa tangu mwanzo hana cha kukosa. Mleta mada ameivaa, imekuwa sehemu ya mkono.

Mama_Mapacha

Mimi nilichagua kuyeyusha, kwa hiyo nizungumzie hiyo.

Pete yangu ilikuwa imelika upande wa kiganja mpaka ikawa kama uzi. Mnajua dhahabu ni laini, na upande ule ndio unaoshika kila kitu, mpini, ndoo, usukani. Sonara akaniambia hata nikiipanua itakatika. Nikakubali iyeyushwe, akaongeza dhahabu nyingine kidogo, ikarudi pete nzito inayong'aa. Kila aliyeiona aliisifu.

Lakini wenzangu, kwa muda mrefu niliiona kama pete ya mtu mwingine. Ile ya zamani ilikuwa na bonde dogo ubavuni. Mume wangu aliigonga kwa nyundo bila kukusudia tukiwa tunatengeneza kitanda cha watoto, nami nikamnunia siku nzima. Lile bonde nililichukia miaka yote! Lilipoondoka ndipo nikajua nilikuwa nikilipapasa kila nikikaa na mawazo. Dhahabu ilibaki, lakini bonde liliyeyuka pamoja na kila kitu kingine kilichoandikwa juu yake na maisha yetu.

Sisemi usiyeyushe. Kwangu hapakuwa na njia nyingine, na leo nimeizoea. Ila usidanganyike kwamba ukiyeyusha utarudishiwa pete yako. Utarudishiwa dhahabu yako.

SonaraMstaafu

Nimefanya kazi hii mpaka macho yalipokataa. Naomba niweke mambo sawa kidogo.

Kuyeyusha. Dhahabu tupu huyeyuka kwenye nyuzi 1,064 za Selsiasi, na ya karati 18 huwa chini kidogo ya hapo kwa sababu imechanganywa: dhahabu asilimia 75, iliyobaki ni shaba, fedha na kadhalika. Kuyeyusha kwenyewe si kazi ngumu. Ugumu uko kwenye pete moja nyembamba. Kila hatua ya kumimina, kupiga, kukata na kusugua hupunguza uzito, na zile sehemu zilizowahi kulehemiwa huchafua mchanganyiko. Ndiyo maana karibu kila mara dhahabu mpya huongezwa. Tena karakana nyingine hazitaki kuyeyusha kipande cha mteja mmoja peke yake. Hupokea dhahabu yako, wakakupa nyingine ya uzito huohuo. Kwa anayetaka pesa yake hakuna tofauti. Kwa mtu kama wewe tofauti ni kubwa, kwa hiyo uliza waziwazi: itayeyushwa yangu, na peke yake?

Kupanua. Kuna namna mbili na watu huzichanganya. Ya kwanza ni kuivuta kwa mashine. Hiyo ni kwa nyongeza ndogo tu, kwa sababu pete inapotanuka inazidi kuwa nyembamba, na yako tayari ni nyembamba. Ya pili ni kukata na kujazia kipande. Hapo ndipo kuna usalama, hata kwa saizi mbili. Maandishi yanaharibika pale tu panapokatwa na kulehemiwa. Sonara mwenye subira hutafuta nafasi isiyo na maandishi.

Halafu kuna jambo ambalo hukuuliza. Kidole chenye kifundo kilichovimba ni chembamba chini ya kifundo. Ukipanua ili pete ipite, ikishafika mahali pake itazunguka ovyo. Dawa yake ni vijidonge viwili vya dhahabu vinavyolehemiwa ndani, upande wa kiganja, ili viishike. Zipo pia pete zenye bawaba, zinazofunguka ubavuni, zisizopita kwenye kifundo kabisa. Ni kazi ya gharama, na kwa pete nyembamba kama yako siipendekezi.

Una bahati kwamba ni dhahabu. Wenye pete za tangsteni hawana njia hizi, maana tangsteni haikatwi ikaungwa, ukiibana inapasuka. Titani nayo masonara wengi hawaigusi.

Ibn_Bahari

Kwetu wanaume wa Kiislamu dhahabu ni haramu, kwa hiyo yangu ni ya fedha, na fedha huharibika haraka zaidi. Nimeshabadilisha, na ya kwanza mke wangu anayo kwenye sanduku lake. Sikuona shida, kwa sababu hata ya pili alinivisha yeye mwenyewe. Labda jambo liko kwa anayekuvisha kuliko kile unachovishwa.

Mpiga_Zumari

Asante @Ibn_Bahari. Na kwa wanaoabudu "dhahabu ileile": mwaka 1923 familia ya kifalme ya Uingereza ilipewa dhahabu kutoka mgodi wa Clogau St David's, Wales. Kipande hichohicho kilitoa pete ya Elizabeth mwaka 1947, na pete ya Diana mwaka 1981. Ndoa ya kwanza nimeshawaeleza. Ya pili ilivunjika 1996. Dhahabu haikujua chochote.

Nyuki_Dume

Hapo umenikamata, nakubali. Ila umemjibu asiyekuuliza. Hajasema dhahabu inailinda ndoa yake, anatafuta namna ya kuikumbuka.

Tulia_Moyo

Nimesoma nikasita kuandika, ila naona njia ya mkufu hakuna aliyeizungumzia.

Mke wangu alitangulia mbele ya haki. Pete yake ni ndogo, haipiti hata kwenye kidole changu cha mwisho, kwa hiyo naivaa kwenye mkufu. Yangu bado iko kidoleni. Basi hizi mbili ninaishi nazo kila siku na naweza kuzilinganisha.

Ya kidoleni naigusa bila kufikiri. Nikisubiri foleni naizungusha, nikikasirika naizungusha, nikiosha vyombo inagonga sahani na kunikumbusha niivue. Ya mkufuni inakaa chini ya shati, na kuna siku inafika jioni sijaigusa. Nikiigusa, nimekusudia. Kwa aliyeondoka naona inafaa hivyo, kwa sababu kumkumbuka kumekuwa jambo la kukaa na kulitulia. Kwa mume aliye hai, ambaye mnagombania rimoti, sijui kama ungependa alama yake iwe ya kukusudia.

La pili ni la kawaida tu: mkufu mwembamba hukatika. Ukienda njia hiyo, nunua mkufu imara na kifungo kizuri. Na pete isikae mkufu mmoja na vidani vingine, vitakwaruzana.

Mama_Mapacha

@Tulia_Moyo pole sana, kaka. Umeeleza kitu ambacho nimekitafutia maneno kwa miaka.

Kijani_Kibichi (mleta mada)

@Tulia_Moyo pole, na asante. Umenisaidia kuona ni nini hasa ninachokikosa. Kumbe sikosi kuonekana nimeolewa, nakosa kuizungusha. Mkufu naufuta kwenye orodha.

Pete mpya nayo, samahani @Mpiga_Zumari, nilipita dukani nikazijaribu. Nzuri, lakini nilikuwa mteja tu.

Kokoto

Mbona hakuna aliyetaja kuhamisha kidole? Kidole cha mwisho huwa chembamba, labda inapita vizuri bila kukata wala kulehemu. Hakuna sheria kwamba lazima kiwe kile cha nne cha kushoto. Wajerumani wengi na Wakristo wa Kiorthodoksi huvaa mkono wa kulia. Habari ya mshipa unaotoka kidole hicho moja kwa moja hadi moyoni ni imani ya kale, Warumi waliiandika wakasema ya Wamisri. Ukipasua mkono hukuti mshipa wa namna hiyo.

SonaraMstaafu

@Kokoto wazo zuri kama hicho kidole hakina maradhi. Ila ugonjwa wa viungo hauchagui, leo kifundo hiki, kesho kile. Na kidole cha mwisho ndicho kinachopoteza pete kirahisi, hasa kwenye maji baridi vidole vinaponywea.

Mleta mada, nina swali. Pete ya mumeo ikoje? Zilinunuliwa pamoja?

Kijani_Kibichi (mleta mada)

Ndiyo, kwa sonara mmoja, siku moja. Yake ni pana zaidi. Amepungua mwili miaka hii na inampwaya, amezungushia uzi upande wa chini ili isidondoke. Nimemwambia mara nyingi akaipunguze, anasema uzi unatosha. Ndiye mwanaume niliyeolewa naye.

SonaraMstaafu

Basi sikiliza. Kupunguza pete ni kukata kipande na kuitoa kabisa sehemu hiyo. Kupanua ni kuongeza kipande. Kwa saizi za Kimarekani, saizi moja ni takribani milimita 2.5 za mzingo. Yake ikipunguzwa saizi mbili, kinatoka kipande cha milimita 5. Yako ikipanuliwa saizi mbili, inahitaji kipande cha milimita 5. Kwa kuwa yake ni pana, kipande chake kitazidi upana na kitasawazishwa kwa tupa. Na kwa kuwa zilitoka kwa sonara mmoja, kuna uwezekano mkubwa rangi zitaoana, kitu ambacho si cha kubahatisha: karati 18 yenye shaba nyingi ni nyekundu kuliko yenye fedha nyingi.

Kwanza hakikisheni zote zina muhuri wa 750. Kama moja ni 585, hiyo ni karati 14, msichanganye.

Mama_Mapacha

Jamani nimelia kazini.

Mpiga_Zumari

Haya, hii hata mimi naikubali. Ingawa uzi wa yule bwana nao una historia yake, msiutupe.

Nyuki_Dume

😂 Mpiga_Zumari amelainika.

Kijani_Kibichi (mleta mada)

Nimemsomea mume wangu. Kanyamaza, kisha akauliza kama itauma. Nadhani alimaanisha pete. Amekubali.

Swali la mwisho kwa @SonaraMstaafu: kwenye yangu, kati ya herufi na tarehe kuna nafasi ndogo sana. Ikibidi kitu kipotee, nilinde herufi au tarehe?

SonaraMstaafu

Mara nyingi kuna nafasi kubwa zaidi upande wa pili, baada ya tarehe kabla ya kurudi kwenye herufi. Mwambie akate hapo. Apige picha maandishi kabla ya kuanza, ili kikifutika kipande cha namba akichonge upya kwa mwandiko uleule.

Mengine matatu. Pima kidole jioni, mwili ukiwa na joto, wala si asubuhi uliyoamka umevimba. Pima kifundo na pima chini ya kifundo, umpe vipimo vyote viwili, ajue kama unahitaji vile vijidonge. Na mwende pamoja, mkae hapo karakanani akikata ya mumeo, kipande hicho kiwekwe kwenye meza mbele yenu mpaka kiingie kwenye yako. Sonara mwaminifu hatachukia kutazamwa.

Kokoto

Mkimaliza mtuwekee picha. Na mimi ya kwangu ni ya tangsteni, nimesoma uzi huu wote nikapoa.