Naomba ushauri: kufuta yaliyoandikwa kwenye visanduku vyote vya fomu kwa kitufe kimoja (lugha ya programu ya VB.NET)

Assalaam aleikum ndugu zangu. Niko Lamu, natengeneza programu ya kuandikisha abiria wa boti za Mokowe. Fomu ina Panel (eneo la kubeba vitu), na ndani yake GroupBox (fremu za kukusanya visanduku) zenye TextBox (visanduku vya kuandikia) za jina, kitambulisho na simu, pamoja na ComboBox (orodha ya kuchagua) ya safari. Nataka zote zifutike abiria mwingine akija.

Nimezungusha For Each (kitanzi kinachopitia kitu kimoja kimoja) juu ya Panel1.Controls, yaani vitu vilivyo kwenye Panel. Haitoi kosa, ila inafuta zile zilizo juu ya Panel moja kwa moja tu; za ndani ya GroupBox hazigusiki. Nikitaja GroupBox1.Controls zinafutika, lakini fomu itaongezwa, na kutaja kila moja ni mzigo.

Je, niandike Sub (kijisehemu cha programu) inayojiita yenyewe kila ikikuta HasChildren ni True, yaani kitu kina vingine ndani yake? Na ComboBox niirudishe kwa SelectedIndex = -1 (hakuna kilichochaguliwa) humohumo? Karani wa jeti (gati la boti) anaisubiri programu, nisaidieni tafadhali.