Pwani ya Ureno kwa kempa na watoto wawili: vijiji gani, na tunalala wapi?

MamaSalma_Bremen

Assalaam alaykum wanajukwaa. Mimi mzaliwa wa Malindi, naishi Bremen mwaka wa kumi na moja sasa. Likizo ya shule ya Oktoba tunataka kwenda Ureno kwa kempa, yale magari yenye vitanda na jiko ndani, wiki mbili. Watoto wana miaka 6 na 9.

Mume wangu anapendekeza hoteli za Algarve, ile pwani ya kusini ya Ureno. Mimi nimekataa. Nataka watoto waione pwani yenye wavuvi, nyavu zimeanikwa, mitumbwi imepandishwa mchangani, harufu ya samaki asubuhi. Hapa tukienda baharini wanajua kuogelea na aiskrimu tu, na inaniuma, maana marehemu babu yao alikuwa nahodha.

Maswali yangu: tuendeshe kutoka Bremen au tukodi kule kule? Vijiji gani? Usiku tunaegesha wapi bila kusumbuliwa? Na chakula, nguruwe hatuli.

Mzee_Mwambani

Wa alaykum salaam mwanangu. Mimi wa Tanga, naishi Rotterdam. Mwaka juzi mimi na mke wangu tulikaa siku 16 pwani hiyo hiyo, na ningeambiwa nirudi kesho ningefunga mizigo usiku huu.

Kutoka Bremen hadi Lisbon ni zaidi ya kilomita 2,500. Kwa wiki mbili na watoto, siku sita zitaishia barabarani. Pandeni ndege, kodini Lisbon au Faro.

Vijiji unavyovitaka viko kusini ya mji wa Sines. Kuna Porto Covo, Vila Nova de Milfontes, Almograve, Zambujeira do Mar, Odeceixe, kisha mnashuka hadi Sagres. Porto Covo mpaka Sagres haifiki kilomita 150 kwa barabara, kwa hiyo msikimbie. Sisi tulianza kwa kulala kila siku kijiji kipya, na siku tatu za kwanza sikumbuki uso wa mtu hata mmoja. Tulipoanza kukaa siku mbili mbili ndipo watu wakaanza kutusalimia.

Sasa kulala. Tangu Agosti 2021 sheria yao inaruhusu kulala ndani ya kempa nje ya kambi hadi saa 48 katika manispaa moja, isipokuwa kwenye maeneo ya hifadhi. Na pwani hii, kuanzia karibu na Sines hadi Burgau, ni hifadhi ya mazingira. Mimi nilijua habari ya saa 48, ya hifadhi sikuijua. Tukaegesha juu ya jabali, mandhari ya ajabu, saa saba ya usiku tukagongewa mlango na askari. Walitusemesha kwa adabu lakini faini tulilipa, na mke wangu alitetemeka mpaka alfajiri. Ukiwa na watoto usijaribu. Vijiji vingi nilivyovitaja vina kambi zenye maji, umeme na mahali pa kumwagia choo.

Mahali nilipopapenda kupita pote ni Entrada da Barca, bandari ndogo karibu na Zambujeira do Mar. Nilimkuta mzee mmoja amekaa kwenye ndoo iliyofudikizwa, anapanga dhulumati, ule mshipi mrefu wenye ndoana nyingi. Ndoana zimechomekwa mfululizo kwenye ukingo wa kasha, kila moja na kipande chake cha dagaa, na kamba imelala katikati, mzunguko juu ya mzunguko, ili ikitupwa baharini isijisokote. Marehemu baba alikuwa akizipanga vile vile! Lugha hatukuelewana. Nilichukua ndoana moja nikaitia chambo kama nilivyofundishwa utotoni, akanitazama mkono, akanisogezea ndoo nyingine. Tulikaa karibu saa nzima. Tulipoondoka alitupa samaki wawili mfano wa changu, akakataa pesa.

Kuhusu chakula, agizeni samaki wa kuchoma kwa makaa, chumvi na mafuta ya zeituni. Kuweni macho na supu na maharage, mara nyingi hutiwa soseji ya nguruwe. Mkiingia mkahawani mtamsikia mhudumu akisema "mesa", na watoto watashangaa kwamba meza ni meza. Leso na bandera pia tulizipata kwao.

Jambo moja zaidi, kwa sababu wewe ni wa Malindi. Vasco da Gama alizaliwa Sines, na sanamu yake iko pale karibu na ngome, inatazama bahari. Nguzo yake mnayo kwenu. Wapelekeni watoto, waambieni kwamba Malindi ilimpokea 1498, na waambieni pia kwamba 1505 Wareno waliichoma Mombasa. Wana haki ya kuyajua yote mawili wakiwa wamesimama hapo.

Bi_Micheweni

Shoga, mzee amesema kweli, ila usiiache Santa Luzia, karibu na Tavira, upande wa mashariki wa Algarve. Pweza ndiye maisha yao. Kwetu Pemba tunamchokoa miambani maji yakipwa. Wao hutumbukiza vyungu vilivyofungwa kwenye kamba ndefu, na chungu hakina chambo: pweza anaingia kwa kutafuta nyumba. Vyungu vya udongo bado utaviona, ingawa siku hizi vingi ni vya plastiki. Mwanangu aliketi gatini akihesabu vyungu, akafika mia tatu akachoka.

Halafu nendeni ufukwe wa Barril. Nanga za wavuvi wa jodari wa zamani zimepangwa safu safu kwenye mchanga, zimeshika kutu. Uvuvi ule ulikwisha, nanga zikabaki. Mimi machozi yalinitoka.

Juma_Kempa

Leseni ya daraja B mwisho wake gari la kilo 3,500 pamoja na maji, mizigo na abiria. Mkiwa wanne msijaze tangi la maji, lita 100 ni kilo 100. Msibebe mtungi wa gesi wa Kijerumani, kule hawabadilishi. Barabara ya A22 ya Algarve haitozwi tena tangu Januari 2025. Na kempa lisizidi mita sita, vichochoro vya vijijini vitawatoa jasho.

MamaSalma_Bremen

Allah awajaze kheri nyote. Nimemsomea mume wangu habari ya yule mzee na dhulumati, akanyamaza, kisha akaniuliza tikiti za Lisbon bei gani. Tutakaa siku mbili Porto Covo, tatu Zambujeira, mbili Odeceixe, halafu Santa Luzia. Oktoba bahari itawafaa watoto?

Mzee_Mwambani

Maji ni ya baridi, mwanangu, hata Agosti hayafanani na ya kwetu, na mawimbi ya magharibi yana nguvu. Waogelee Odeceixe, upande wa mto. Angalia mwezi kabla ya kuweka nafasi: bamvua la huko, yale maji makuu ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, ni kubwa kama la kwetu, na maji yakishapwa mto unavukwa kwa miguu. Pia simameni Cabo Sardão. Korongo weupe hujenga viota juu ya miamba iliyochomoza baharini, kwenye upepo ule wote. Mkikuta makinda yamesharuka, viota vyenyewe mtaviona.